Pete Upande wa Kushoto

Mtaa wa Mafundi Mahema, Kairo, ulifurika wanunuzi wa taa za Ramadhani siku Rawya aliposukumwa akaangukia kitambaa alichokuwa akishona fundi Wagdi, sindano ikamchoma kiganja.

"Dada, wenzako huangalia kwa macho," Wagdi alimwambia, akampa kipande cha pamba.

Tangu hapo simu hazikulala. Kuitana "roho yangu" huku, "jicho langu" kule. Lakini likitajwa suala la kwenda kwa baba yake Rawya, Wagdi anaanza kukohoa. Yeye fundi wa sindano, na mzee ana mhandisi wake mwenye gari, anayekuja kuposa Ijumaa. Rawya akamwuliza waziwazi: unakuja au huji? Wagdi akamwomba apite dukani Alhamisi, atazame mraba wa mwisho wa shuka la picha analoshona. Mdomo umemshinda, jibu kaliweka pale.

Rawya alikwenda. Wagdi alikuwa ametoka kufuata nyuzi. Mraba ulitundikwa ukutani: lango la Zuwayla na minara yake miwili inayofanana, chini yake balkoni, na kwenye balkoni mwanamke wa mtandio wa buluu. Ni yeye. Kila kitu kilikatwa kwa mkasi kikashonewa juu, ncha zimekunjwa ndani: nyusi, bilauri ya chai, hata kile kidoti cha shavuni, vile vile anavyokiona kila asubuhi kwenye kioo. Na mkononi, kipande cha hariri ya dhahabu kama punje ya mchele. Pete. Mkono wa kushoto.

Ya uchumba huvaliwa kulia, kila mtoto wa Kairo anajua. Kushoto ni mke wa mtu. Kumbe ndilo jibu: nenda kaolewe na mhandisi wako. Rawya alilia njia nzima, akazima simu. Mwoga mkubwa, tena katili.

Ijumaa, baada ya sala, mama yake alimkalisha mbele ya kioo na kuhimiza kile kidoti kifunikwe kwa poda. Rawya akainua kidole mpaka shavuni, akaganda. Kidoti chake kiko shavu la kushoto. Kwenye picha kilikuwa kulia, na hakushtuka kwa sababu ndivyo kioo kinavyomwonyesha maisha yake yote. Akawasha simu.

"Wagdi, ile karatasi ya matundu unayoipiga unga wa mkaa ili mchoro uingie kwenye kitambaa, uliilaza upande gani?"

Ukasikika mchakacho wa karatasi.

"Mungu wangu, nimeigeuza. Minara inafanana, sikuona. Woga ulikuwa umenishika, Rawya, nikafuata mistari tu. Pete niliichora kulia, wallahi. Naifumua sasa hivi."

"Wageni wa posa wako njiani, wewe unafumua? Mchukue mama yako mje."

"Baba yako atanifukuza."

"Akufukuze ukiwa umeshafika. Unataka nijipose mwenyewe?"

Mama na mwana walifika wakihema kabla ya wageni, pindo la kanzu ya Wagdi jeusi kwa mkaa. Mzee alimwuliza ana nini cha kumwekea bintiye. Wagdi alikohoa. Mwishowe akakunjua mraba aliokuja nao kwapani, akautandaza mezani. Rawya alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa.

Mzee aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Kidoti cha mwanangu umekiweka siko."

"Najua, mzee. Niligeuza karatasi kwa woga."

"Na hii pete?"

"Nayo ilikuwa kulia."

Mzee akapitisha kidole polepole juu ya mishono ya mtandio, ya nyusi, ya kile kidoti. Kisha, bila kuinua kichwa, akamwambia mkewe awapigie simu wale wageni wasijisumbue kuja.