Mkono, Mke Wangu

Ganda la ndizi lilikuwa juu ya cherehani, bado bichi, na nyumba ile hakuna aliyekula ndizi. Fundi, mwenye cherehani yake, alilinusa. Harufu ni ileile aliyorudi nayo mumewe kila siku kutoka kazini: dawa na manyoya yaliyolowa. Wivu ukampanda hadi utosini. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mume huyu kila akilala alinong'ona usingizini, "Mkono, mke wangu. Mkono, mpenzi." Fundi akimpa wake, mume anageukia ukutani!

"Ni nani huyo?" alimkaba mlangoni kabla hajavua viatu. "Nitajie nikamnyonyoe!"

Mume akacheka mpaka akashika mbavu. "Loo! Unamwonea wivu tumbili?"

Alikuwa mtunza wanyama kwenye maabara ya kujaribia dawa. Yeye ndiye aliyemzoesha tumbili jike kutoa mkono kwenye nondo za kizimba: ndizi kuliani, sindano kaificha mgongoni, na maneno matamu.

"Kashakufa. Sasa ile dawa wanaijaribu kwa watu."

"Hao watu mnawauliza?"

"Wanaelezwa, wanakubali. Anayetaka kujitoa anajitoa."

"Na yeye?"

"Alitoa mkono mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha."

Ndani ya kabati la vyombo, kitu kikacheka.

Nyumba haikukalika tena. Fundi alivutwa nywele akiwa peke yake, magauni ya wateja aliyoyatundika mazima akayakuta yamechanwa kwa kucha, na kila alipoketi karibu na mumewe ile harufu ilimjaa puani, na meno yakagongana sikioni mwake, taratibu, kama ya mtu anayejizuia, mpaka ahame kiti.

Mganga akaitwa. Akamfunika fundi shuka, akamwekea kiganja kichwani. "Nani wewe?"

Kinywa cha fundi kikafunguka, sauti si yake. "Jini. Nilikaa ndani ya tumbili. Huyu mwanamume aliniita mke, nikamwamini."

"Utoke kwa lipi?"

"Aniombe radhi."

"Nimwombe radhi tumbili? Mimi?" mume aliguna.

Mganga akamkata jicho. "Sema, baba, usitutie balaa."

Akasema, lakini kwa midomo tu, huku akitazama saa. Harufu ikatoweka, mganga akaenda zake.

Jioni fundi alijikuta jikoni akimenya ndizi ambayo hakumbuki kuinunua. Macho yakaangukia picha ya harusi ukutani, na fundi akamchukia yule bibi harusi kwa wivu mkali. Kanishikia mume wangu! Kisha akamtambua: ni yeye mwenyewe. Akataka kupiga kelele, kinywa kikakataa. Mkono wake wa kushoto ukajiendea wenyewe kwenye kikapu chake cha kushonea, ukachomoa sindano ndefu ya kushonea magodoro, ukajificha mgongoni.

Mume akaingia, ametabasamu kuona amani imerudi.

"Mkono, mume wangu," kinywa kikasema kwa utamu, ndizi imetangulizwa. "Mkono, mpenzi."

Akautoa mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha.