Fundo Kwenye Mrija

Baada ya uji wa asubuhi, Sista Hedwiga alisukuma bomba la sindano, likagoma. Mzee Edmund, mvuvi wa Liuli aliyepasuliwa kifua upande wa kulia, alikuwa akigumia, jasho likimtoka. Dawa ya ganzi ilimwingia mgongoni kwa mrija mwembamba uliobandikwa plasta hadi bega la kushoto. Hapo begani Hedwiga aliukuta umekunjwa, umefungwa kwa uzi.

"Mara ya pili hii," daktari alimwambia Koplo Dunstan, polisi aliyekwisha kufika kutoka Mbinga mjini kwa ajili ya fundo la kwanza, akaomba hili lisiguswe kwa dakika chache. "Kwa maumivu haya hawezi kukohoa. Asipokohoa, pafu litaharibika, tutampoteza."

Dunstan akaanza na Pankras, mhudumu wa wodi.

"Ulisema mgonjwa asiyelia ni maiti?"

"Utani, afande! Ningetaka alie, ningemwogesha maji ya bomba na baridi hii ya mwezi wa saba."

Avelina, aliyemuuguza mumewe kitanda cha jirani, hakuficha kitu. "Mume wangu anapewa vidonge, yule mrija. Wivu ninao. Lakini mrija wa mtu siufungi."

Dunstan alimwendea mgonjwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alitoa mkono wa kushoto. "Niwie radhi, mwanangu. Wa kulia hauinuki tangu nipasuliwe."

Dunstan aliusogeza uzi kwenye mwanga. Ulikuwa umechomolewa kwenye blanketi; lakini mablanketi ya wodi yote ni mamoja. Akautazama mrija. Kando ya fundo palikuwa na alama za meno. Mwenye mikono miwili hakazi fundo kwa meno.

Akainama, akasema taratibu: "Baba, ni wewe."

Mzee aligeukia ukuta.

"Dawa ikiingia, Sista husema, 'Huyu hana shida,' anapita. Wote humu wana ndugu. Mwanangu Rodrick amefuata malori ya hawa wanunuzi wapya wa kahawa, hata hajui kama nimepasuliwa. Nikiumwa, mnakuja. Hata wewe umekuja."

Dunstan alifungua fundo. Hedwiga akasukuma dawa, na baada ya muda uso wa mzee ukalegea.

"Utafunga tena?"

"Itategemea mchana utakavyokuwa mrefu. Nenda, mwanangu. Siumwi." Alilitamka neno hilo kama anayetaja ugonjwa.

Dunstan akamgeukia Avelina. "Mama, sogeza kigoda chako huku."

"Mshukiwa ndiye awe mlinzi?"

"Ndiyo."

Avelina akasogea, akinung'unika, akaketi kando ya mzee.

"Na huko Liuli, baba, kwenu ni upande gani hasa?"

Mzee Edmund alifungua kinywa ajibu, ikabidi akohoe kwanza.