Ulinifunga Mbele za Watu

Jumapili ile mkahawa wa Kiirani pale Secunderabad, ubavuni mwa jiji la Hyderabad, ulikuwa umefurika, watu wamebanana mezani mpaka viwiko vinagongana. Mrudula alijikunyata pembeni na kikombe chake cha chai na sahani ya biskuti za Osmania, mtandio wa zambarau ameushusha hadi kwenye nyusi. Kocha alikuwa amepiga marufuku sukari, na maisha ya binti huyu wa miaka kumi na tisa yalikuwa mikononi mwa kocha na mama yake.

"Wewe wa zambarau, hiyo biskuti ya ngapi?"

Akashtuka. Alikuwa Nikhilesh, yule mchezaji wa mashoto aliyehamia chuo chao cha badminton juzijuzi, fulana ya manjano, nywele mbichi, na yeye mwenyewe shavu limetuna.

"Ukinisema kwa kocha nitakuua."

"Nikuseme mdomo umejaa hivi? Sogea huko, mwizi mwenzangu."

Mrudula akacheka, na hilo halikuwa jambo dogo. Tangu aanze kutolewa raundi ya kwanza kila mashindano, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Akishindwa halii, akisifiwa hafurahi. Anaamka, anapiga kipira cha manyoya, anakula, analala. Basi.

Kocha, bila kujua habari za biskuti, akawaunganisha wacheze jozi ya mwanamke na mwanamume. Wakaanza kushinda. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, malkia?"

"Dengu za kuchemsha."

"Pole. Mimi nimekula biriani."

"Mwongo! Apa."

"Haki ya kocha."

"Mjinga wewe. Kata, mama anakuja!"

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama yake Mrudula, Bi Swarna, aliyemwacha mume na nyumba kule Guntur ili aje Hyderabad kumpikia bintiye, hakuhitaji kuambiwa. Wala hakugomba. Alisubiri sikukuu ya rakhi, siku ambayo wasichana huwafunga kaka zao uzi mkononi. Ukimfunga kijana asiye ndugu yako, naye amekuwa ndugu. Hapo habari ya kuoana imekwisha. Akatokea uwanjani katika sari ya kijani iliyopigwa pasi ikanyooka, na sahani yenye peremende na uzi mwekundu.

"Mfunge Nikhilesh, mwanangu. Wenzako wanakungoja."

Mrudula angeweza kukataa, hilo tusimfichie. Angeidondosha sahani, angelia, angekimbia. Lakini alikwishazoea kutumwa, na ndani yake hakukuwa na kitu cha kusema hapana. Vidole vikapiga fundo vyenyewe. Nikhilesh alimtazama usoni muda wote, akingoja, kisha akala peremende yake akaondoka.

Jioni akapiga simu.

"Mrudula, nimeitwa Bengaluru. Kuna mchezaji huko anatafuta mwenzake."

"Aha."

"Aha tu? Niambie nibaki. Neno moja, na mimi sitoki hapa."

Jikoni mama alikuwa anagonganisha sufuria. Neno lilikuwepo, Mrudula alijua lipo, ila hakujua alitoe wapi.

"Safari njema," akasema.

Simu ikakatika.

Msimu ukapita. Akapewa mwenzake mwingine, kijana mpole aitwaye Charan, wakashinda hapa na pale. Picha yake ikatoka gazetini, akaitazama kama picha ya mtoto wa jirani. Alijua amempoteza Nikhilesh, kama mtu anavyojua jino limeng'olewa kabla sindano ya ganzi haijaisha.

Fainali ya taifa ilikuwa Guwahati, na ng'ambo ya wavu alisimama Nikhilesh. Amekonda, ndevu kidogo, jezi nyeupe. Mrudula aliujua mchezo wake kama anavyoijua njia ya nyumbani, na hakumhurumia. Kipira cha mwisho kikaanguka miguuni pa Nikhilesh. Ukumbi ukalipuka. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Mrudula.

Wakapeana mikono juu ya wavu, kama ilivyo ada.

"Hongera, dada," Nikhilesh akasema, wala hakuwa anatania.

Hapo ganzi ikamwachia, na uchungu wote wa msimu ukamjia kwa mpigo. Akaung'ang'ania ule mkono.

"Usiniite dada."

"Si ulinifunga mwenyewe?"

"Nilikosea. Nakupenda, Nikhil. Nilikupenda siku ileile nikakufunga."

"Ulinifunga mbele za watu," akasema. "Nifungue mbele za watu."

Mrudula akageukia safu ya mbele, ambako mama yake alikuwa anapiga makofi.

"Mama!" akapaza sauti. "Huyu si kaka yangu!"

Makofi ya mama yakakatika. Mwamuzi alikuwa bado anangoja kupewa mkono, na bingwa mpya alikuwa analia kwa kwikwi kama aliyeshindwa, na Nikhilesh hakumwachia.