Mama Mkwe Ashuke Kwanza

Mukhwana aliendesha gari taratibu siku hiyo. Nyuma alikaa mama mkwe wake, Mama Annah, aliyekuja kuwatembelea kwa mara ya kwanza tangu harusi. Mkewe, Muhonja, alikaa mbele. Walikuwa wametoka Nakuru, wanaelekea nyumbani kwao mtaa wa Pipeline.

Karibu na Makadara, gari lilianza kuvuta kushoto. Tairi la mbele lilikuwa limeishiwa upepo. Mukhwana alisimama pale pale, nusu ya gari ikiwa barabarani. Aliweka jeki kwenye udongo laini, akaanza kuinua.

"Kaka, ngoja!" Mwanamke aliyevaa ovaroli alivuka mtaro mbio. Alikuwa Ndindi, makanika wa gereji ya hapo kando. "Nani yuko ndani?"

"Mama mkwe," Mukhwana alinong'ona. "Nitamwambiaje mzazi ashuke vumbini?"

"Na gari likianguka, utamwambia nini?"

Mukhwana aliiachilia jeki. Muhonja, aliyekuwa ameshuka, alimfungulia mama yake mlango.

"Nilikuwa nangoja tu mniambie," alisema Mama Annah akijinyoosha. "Miguu imekufa ganzi tangu Nakuru!"

Hata kabla hajafika ng'ambo ya mtaro, jeki ilizama upande mmoja. Gari likaanguka kwa kishindo! Mukhwana alikuwa ametoa mkono chini yake muda mfupi tu uliopita.

"Umeona?" Ndindi alisema kwa upole. "Sogeza gari polepole hadi pale pakavu, pasipo mteremko, mbali na barabara. Washa taa za hatari. Weka gia, vuta breki ya mkono."

Mukhwana alichomoa jeki, akafanya hivyo. Muhonja alibeba pembetatu nyekundu ya tahadhari. Alipita pembeni kabisa, akaiweka nyuma ya gari, mbali kiasi cha hatua hamsini, ili madereva waione mapema. Ndindi aliweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma.

Mukhwana alishika jeki tena.

"Bado!" Ndindi alimzuia. "Legeza nati kidogo gurudumu likiwa chini. Ukiinua kwanza, utavutana na gari likiwa hewani."

Alizilegeza. Kisha akaweka jeki mahali palipoimarishwa chini ya gari, akainua, akabadilisha tairi. Hakuingiza mkono wala mguu chini ya gari.

"Kaza nati kwa kupishana, hii kisha ile ya upande wa pili," Ndindi alimwelekeza. " Shusha gari, halafu ukaze kabisa. Na upepo wa hili tairi la spea upimwe leo."

Mama Annah alikuwa akitazama kila kitu. "Mwanangu," alimwambia Mukhwana, "siku nyingine usinionee aibu. Niambie tu, mama shuka."

Mukhwana alicheka, moyo ukatulia.

Mwezi uliofuata, Muhonja alipata pancha Kariobangi akiwa na wanakwaya watatu. Aliwashusha wote, akawasimamisha mbali na barabara, akabadilisha tairi mwenyewe. Alimpigia mumewe simu akiwa amemaliza, ananawa mikono.