Nilikata Mustari wa Kalonji, Nikamusingizia

Bandugu basomaji, niko na myaka makumi sita na mbili, niko hapa Kolwezi. Hii mambo sijaambia mutu, hata padiri...

Wakati ule mi na Kalonji tulitumika mu biro ya mashini ya kompyuta, ku kampani moja ya mine. Alizaliwa hapa hapa Musonoi, lakini baba yake alitoka Kasai. Na batu ba Kasai balikuwa banafukuzwa hapa kwetu, ati barudi kwabo! Familia nzima banalala ku gare na mizigo yabo, banangojea treni. Kalonji, shefu alimubakisha, juu yeye njo alijua kuandika programu ya kuhamisha fishi, habari za kila mutumikaji, ku diski ya mashini ya mupya.

Kazi yetu ilikuwa hivi: moja anaandika, mwenzake anasoma ku karatasi na kalamu ya biki nyekundu, anatia sahihi, njo inaingia mu mashini.

Mashini ya zamani iliandika namba kuanzia upande wake mukubwa. Ya mupya, kuanzia upande mudogo, kama vile 123 kuandikwa 321. Kalonji aliweka mu programu mustari moja wa kuigeuza. Mi nikaona ku mustari wa juu amekwisha kubadilisha aina ya namba, nikazani inatosha. Bure! Kubadilisha aina haigeuzi kitu. Lakini na kichwa yangu nguvu, nikakata ule mustari. Alikuwa pembeni yangu, sikumuuliza. Kiburi tu!

Kesho yake fishi ya batumikaji bote ikachafuka, namba ya mutu haionekani. Shefu akauliza ni nani. Yee mama! Karatasi ilikuwa mu meza yangu, na biki nyekundu yangu juu yake... Nikasema: ni Kalonji, ameharibu kwa kusudi mbele ya kwenda kwabo. Siku zile uongo ya vile iliaminiwa mbio. Palepale shefu akamutoa ku kazi na ku nyumba ya kampani.

Nilimufuata ku gare. Alikaa juu ya matelasi, godoro yabo, na bibi yake, Mama Ngalula. Nilitaka kuomba musamaha, nikabaaga tu. Yeye njo alisema polepole:

"Ndugu, rudisha ule mustari. Batumikaji bagonjwa batafika ku lopitali ya kampani, fishi yabo itakosekana."

Alijua ni mi nilikata! Na hakunitukana hata kidogo.

Nikarudisha, mashini ikapona. Shefu akanisifu, akanipa kiti ya Kalonji. Na mi nikaikalia!

Kalonji alifia mu treni, mbele ya kufika Kasai. Mama Ngalula, asiyejua ule mustari ni nini, njo aliniandikia barua, ananishukuru: ati ku bote ba kazi, ni mi peke nilikuya kubaaga... Niijibu namna gani? Mpaka leo sijaijibu.

Wewe unayesoma, kosa ikiwa yako, iseme leo, mwenzako angali mbele yako. Tafazali, usikuwe kama mi.