Habari Njema za Jumapili

Kila Jumapili, saa nne asubuhi, Bibi alituandaa kama watu wanaokwenda kupigwa picha ya harusi. Yeye mwenyewe alivaa koti jekundu ambalo siku nyingine lilikaa sandukuni, akajifinya mashavu mpaka yakaiva, kisha akatukagua mmoja mmoja.

"Doudou, kamasi!"

Mdogo wangu, mwenye miaka mitano, alizifuta kwa mkono wa sweta.

"Suyun, nywele! Unataka mama yako adhani nakulaza na nguruwe?"

Baada ya hapo tulipanda ghorofani. Nikisema ghorofani msifikirie mambo makubwa. Ilikuwa kuta nne za matofali, bila plasta, bila madirisha, na nondo zimechomoza juu kama nywele za mtu aliyeshtuka. Mama aliijenga kwa mshahara wake, mshahara ukaishia hapo. Lakini mtandao ulikamata vizuri kuliko popote kijijini, kwa hiyo ndipo tulipozungumza naye.

Mama alikuwa akishona viatu kwenye kiwanda kimoja huko pwani, safari ya treni ya usiku na mchana. Baba alifariki Doudou akiwa hajaota jino. Tangu hapo tulimwona Mama wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina tu, na Mwaka Mpya uliopita hatukumwona kabisa.

Simu zetu zilikuwa na sheria moja, na kijiji kizima kiliifuata: mtu aliye mbali hupewa habari njema tu. Mbaya zinabaki nyumbani. Mzee Geng, mwenye duka, alipolazwa wiki tatu kwa ugonjwa wa mapafu, mwanawe aliyekuwa kiwandani aliambiwa baba kaenda kuvua samaki. Mwana akauliza, samaki gani hao wa wiki tatu? Akajibiwa, wakubwa.

Jumapili hiyo Mama alitokea kwenye kioo akitabasamu, mgongoni kwake ukuta uleule wa buluu. Simu aliishika kwa mkono wa kushoto.

"Mnaendeleaje?"

"Vizuri!" tukaimba wote watatu.

"Sikilizeni. Wanataka kunifanya msimamizi. Mshahara ni yuan elfu saba na mia tano."

Bibi alisahau kutabasamu. Hizo zilikuwa karibu mara mbili ya alizokuwa akipata.

"Ila mkataba ni wa miaka mitatu," Mama aliendelea, "na mwaka huu pia sitakuja kwa sikukuu. Kuna ile karakana ya mabegi pale mjini kwetu, nayo inatafuta mafundi. Wanalipa elfu mbili na mia nane. Lakini ningelala nyumbani kila siku." Akasogea karibu na kioo. "Natakiwa kujibu Jumatatu, si ya kesho, ile inayofuata, saa kumi jioni. Mfikirie, nanyi mniambie."

Nilifikiria, tena sana. Mwaka uliofuata nilikuwa naingia sekondari ya mjini, na Mama alikuwa ameahidi kwamba akipata pesa atanipangia chumba karibu na shule. Chumba chenye meza yangu mwenyewe! Kichwani nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya pazia.

Jumanne ilinyesha mvua ya barafu. Niliporudi kutoka shule nilimkuta Bibi amekaa chini nyuma ya banda la nguruwe, majani ya kabichi yametapakaa kila mahali. Doudou alikuwa amemshika mkono, akimvuta kwa nguvu zake zote.

"Dada, Bibi kaanguka tangu mchana. Hataki kuinuka."

"Si kwamba sitaki, wewe maharage," Bibi alisema, na midomo yake ilikuwa myeupe. Doudou maana yake ni maharage, na Bibi alipenda kumkumbusha.

Nilimkokota mpaka ndani. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba juu ya kifundo, na mahali alipojikata kwenye bati palivuja damu. Nilipotaka kukimbilia simu, akanikamata mkono.

"Niapie hutamwambia mama yako."

"Bibi, mguu huu..."

"Mguu ni wangu. Akijua atarudi, na akirudi hicho cheo anapewa mwingine. Wewe husomi, Doudou hasomi, na ghorofa inabaki makao ya njiwa. Niapie."

Nikaapa.

Kuanzia Jumatano sikwenda shule. Alfajiri niliwasha jiko la makaa, nikapika uji, nikamlisha nguruwe, nikamwogesha Doudou huku akilia, nikabadilisha kitambaa cha kidonda. Nilimtumia Mwalimu Pei ujumbe kwamba Bibi ana mafua kidogo. Alhamisi nikaandika mafua yanaendelea. Ijumaa kidonda kilianza kunuka. Nilikiosha kwa maji ya chumvi, Bibi akauma kona ya mto ili Doudou asisikie. Jumamosi hakula kitu. Mimi nilikaa nyuma ya banda nikalia, nguruwe akinitazama. Yeye ndiye aliyekuwa mtu mzima pekee aliyebaki na afya katika nyumba yetu.

Jumapili saa nne nilimvalisha Doudou sweta safi.

"Ukiulizwa Bibi yuko wapi, unasemaje?"

"Kaenda harusini."

"Na mguu wake?"

"Kaenda nao."

Ilitosha. Tulipanda wawili. Mama alitokea, ukuta wa buluu nyuma yake.

"Bibi yuko wapi?"

"Harusini, kijiji cha chini," nilisema haraka.

"Na baridi hii? Nani anaoa?"

"Mjukuu wa... wa yule anayeuza tofu."

Doudou alifungua mdomo. Nilimfinya, akaanza kuimba wimbo wa shule ya chekechea kwa sauti ya mbuzi. Mama alicheka, lakini macho yake hayakuniacha.

"Suyun, nisikilize. Kesho ndiyo siku yenyewe. Niambie tu. Nisaini?"

Upepo ulikuwa ukipita kwenye matundu ya madirisha. Chini yetu Bibi alikuwa amelala mguu ukichemka. Nilichotakiwa kusema kilikuwa neno moja: rudi. Nikafikiria kiapo. Nikafikiria pia, kusema kweli, chumba na pazia.

"Saini, Mama. Sisi tuko vizuri."

"Vizuri kabisa?"

"Kabisa."

"Haya," alisema polepole. "Kama mko vizuri." Simu ikakatika.

Jumatatu asubuhi Bibi hakunijua. Mwili wake ulikuwa moto kama mfuniko wa jiko, na aliniita kwa jina la Mama. "Umerudi?" aliniuliza. "Umekula? Mbona umekonda?" Nilimwambia ni mimi, Suyun. Akatabasamu akanipapasa shavu. "Usimwambie Suyun naumwa," akasema.

Nilitoka nje mbio. Sikuvaa koti. Barabara ilikuwa kioo kitupu cha barafu, nikaanguka mara mbili kabla ya kona ya kwanza. Nilikuwa nataka kufika dukani kwa Mzee Geng, lakini miguu iliteleza na pumzi ikaniishia, nikawa napiga kelele "Msaada!" kwa mlima usio na watu. Kila nyumba niliyoipita ilikuwa na kufuli mlangoni. Wenyewe walikuwa viwandani.

Kwenye kona ya pili nilimgonga mtu. Alikuwa Mwalimu Pei, amefunga kamba za katani kwenye viatu asiteleze.

"Nakuja kuyaona hayo mafua yasiyokwisha," alisema. Kisha akaniangalia vizuri. "Suyun, kuna nini?"

Nilimshika mkono wa koti. Nilimvuta tu.

Alipoinua blanketi alitoa simu papo hapo. Alimpigia Mzee Geng, na baada ya robo saa pikipiki yake ya magurudumu matatu ilikuwa mlangoni, minyororo imefungwa kwenye matairi, godoro nyuma. Mzee Geng alimbeba Bibi kama gunia la manyoya.

"Dada mkubwa, unakwenda kuvua samaki?" alimwuliza taratibu. Akamfunika blanketi mpaka shingoni.

Mwalimu Pei alinigeukia. "Mama yako anajua?"

Nilitikisa kichwa. "Niliapa. Na leo saa kumi anasaini mkataba. Mpigie wewe, Mwalimu."

"Namba yake ninayo," alisema. "Lakini nikipiga mimi, mama yako hatajua tena ni lini binti yake anamwambia kweli. Panda juu. Tunakusubiri."

Nilipanda. Nikapiga, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nilikumbuka kwamba wakiwa kazini simu zao hufungiwa kwenye kabati hadi saa sita mchana. Kama asingeifungua mchana huo? Kama angeamua kusaini mapema, kwa kuwa binti yake alimwambia wako vizuri kabisa?

Nikabonyeza kurekodi sauti. "Mama, nilikudanganya. Bibi hakwenda harusini. Ameanguka tangu Jumanne, mguu unanuka, leo hanijui. Siendi shule. Siwezi tena, Mama. Usisaini. Rudi." Nikalia humohumo ndani ya ujumbe, nikautuma na kilio chake.

Hospitalini mjini walimwingiza Bibi moja kwa moja. Mimi na Doudou tulikaa kwenye benchi. Saa sita ikafika, simu kimya. Saa sita na nusu, kimya. Doudou aliuliza kama Bibi atarudi na miguu yote miwili, nami nikamfunga kamba za viatu. Mwalimu Pei alitununulia mikate ya mvuke, ikapoa mikononi mwetu.

Saa saba kasoro kumi simu ikalia. Sikusikia maneno kwanza, ila watu wengi na honi.

"Niko kituo cha treni," Mama alisema. "Kuna gari la saa nane. Mwambie Bibi asithubutu kwenda popote kabla sijafika."

Jioni daktari alitoka. Mfupa ulikuwa umevunjika, na uozo ulikuwa umeanza kupanda. "Umeshatibiwa," alisema, "lakini mngengoja siku mbili zaidi, tungekuwa tunazungumza habari ya kuukata."

Mama aliingia wodini siku iliyofuata, bado amevaa aproni ya kiwandani chini ya koti. Doudou alijificha nyuma yangu, maana alikuwa amezoea mama wa kwenye kioo, na huyu alikuwa mkubwa mno. Mama alipiga magoti akatukumbatia wote wawili. Hapo ndipo nilipouona mkono wake wa kulia. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa bandeji nene.

"Mama, hii nini?"

Aliuficha nyuma, kisha akacheka kwa uchungu na kuurudisha mbele. "Mashine. Mwezi wa pili sasa. Ndiyo maana nilishika simu kwa kushoto."

Kutoka kitandani sauti dhaifu ikasema, "Kumbe uongo ni wa ukoo." Bibi alikuwa ameamka.

Mama alikaa kando yake, machozi yakimtiririka. "Jumapili nilipouliza kama nisaini, nilikuwa naomba mmoja wenu aniambie rudi. Mmoja tu. Mkaniambia mko vizuri kabisa. Nikasema basi, hawanihitaji mimi, wanahitaji mshahara."

"Nami nilitaka neno hilohilo lisitoke," Bibi alisema. "Nilimwapisha mtoto wa miaka kumi na miwili akauguze peke yake. Kosa ni langu, Suyun. Nilidhani namlinda mama yako, kumbe namfunga macho halafu namwambia achague njia. Habari mbaya inaumiza, ndiyo. Lakini mtu anayekupenda ana haki ya kuijua mapema, wakati bado anaweza kufanya kitu. Ukimficha, umechagua kwa niaba yake."

Mwalimu Pei, aliyekuwa akijifanya kutazama nje dirishani, alitoa leso.

Mama alichukua kazi kwenye karakana ya mabegi. Msifikiri maisha yalinyooka mara moja. Nguruwe ndiye aliyelipia hospitali, maskini, bila kuulizwa. Chumba cha karibu na shule hakikupatikana. Nilipoingia sekondari, mimi na Mama tulidamka gizani tukapanda basi moja, yeye akashuka karakanani, mimi shuleni, na mara nyingi tulilala tumeegemeana hadi kondakta alipotuamsha. Sikupata pazia.

Lakini Jumapili ya kwanza baada ya mshahara wa kwanza, saa nne asubuhi, Mama alimbeba Bibi mgongoni mpaka ghorofani, tukaketi sote kwenye matofali.

"Haya," alisema Mama. "Habari mbaya kwanza."

"Nimekojoa kitandani," Doudou akasema.

"Hiyo tunaijua, tulilala nayo. Mwingine?"

"Mguu unauma ukigusa baridi," Bibi akasema.

"Mshahara ni mdogo hata kuliko nilivyofikiri," Mama akasema. "Suyun?"

Nilitazama viatu vyangu. "Nilipokuambia usaini, si kwa ajili ya kiapo tu. Nilikitaka kile chumba."

Mama hakukasirika. "Najua. Nami nilikitaka kile kiti cha msimamizi. Kilikuwa na pa kuegemea." Akanivuta nikamwegemea yeye.

Upepo uliingia kwenye matundu ya madirisha na kutoka upande wa pili. Koti jekundu lilikuwa sandukuni, na mashavu ya Bibi yalikuwa na rangi yake ya kawaida, ya mtu anayepona.