Gari la Bado Kidogo

Krrr. Krrr. Krrr. Pu!

Sauti ilitoka chini ya meza ya chakula, ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza upya: krrr, krrr, pu! Mama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku hospitalini Lusail, alivua viatu mlangoni akatikisa kichwa.

"Kwamboka, huyo mnyama wako huwa halali?"

"Si mnyama, Mama. Ni gari."

Kwamboka alijitokeza kwa magoti, tayari amevaa sare za shule. Mkononi alishika gari alilolitengeneza kwa kasha la viatu, vifuniko vinne vya mitungi ya maji na mota mbili ndogo. Mbele yake alikuwa amefunga vihisi viwili, macho ya gari. Macho hayo yalitakiwa kuuona mstari wa utepe mweusi uliobandikwa sakafuni na kuliongoza gari liufuate, kona baada ya kona, bila mtu kuligusa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoto. Kwa sasa gari lilijua jambo moja tu: kwenda mbele mpaka ligonge kitu.

Baba aliingia nyuma ya Mama, funguo mkononi, macho mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu. Alikuwa ameamka alfajiri kumfuata Mama Lusail. Sasa angempeleka Kwamboka shuleni, kisha angebadilisha gari na kuwabeba wageni wa hoteli mpaka jioni. Halafu safari ya Lusail tena. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda katika nyumba yao ndogo huko Al Rayyan, Uarabuni.

"Twende, injinia," Baba alisema huku akipiga miayo. "Linatembea?"

"Bado kidogo tu, Baba."

Shuleni, Bradley alikuwa akimngoja kwenye ngazi. Gakii alisimama kando yake, mikono kifuani.

"Kwamboka, leo ni Alhamisi," Bradley alisema. "Kama gari halikati kona, saa yangu iko wapi?"

Kwamboka alijua vyema ilipokuwa. Ilikuwa kwenye mkoba wake. Wiki tatu zilizopita aliwatangazia wenzake kwamba gari lake linakata kona lenyewe, na kwamba atakayempa kitu mapema ataliendesha wa kwanza siku ya maonyesho ya sayansi, na jina lake litaandikwa ubavuni mwa gari. Bradley alitoa saa yake inayowaka taa. Gakii alitoa kalamu zake za rangi, pakiti nzima. Wengine walitoa vibandiko na biskuti, na biskuti zilikwisha kuliwa zamani. Siku ile Kwamboka alikuwa hajaliona gari likikata kona hata moja.

"Maonyesho ni Jumapili," alijibu. "Ngojeni. Bado kidogo tu."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo!" Gakii alidakia.

"Gari lenyewe linajua kugonga tu," Bradley alisema, na watoto waliokuwa karibu wakacheka. "Lingekuwa kondoo dume, bana, ningesema limefuzu."

Kwamboka aliinua kichwa na kupita katikati yao kama malkia.

Alasiri Baba alimchukua shuleni, na badala ya kwenda nyumbani wakaelekea Al Sadd, kwenye duka la magari lenye vioo kuanzia sakafuni hadi darini. Muuzaji aliyewapokea aliitwa Ronny. Alikuwa Mkenya, suti imemkaa sawasawa, na tabasamu lake lilifika kabla yake.

"Mzee Cornelius! Karibu, ndugu yangu. Hapa uko kwa mtu wenu."

Gari lilikuwa zuri, hakuna ubishi. La umeme, jeupe, na skrini pana kama dirisha. Ronny aliwaonyesha viti, kipoza hewa na kamera za pande zote. Kisha Baba aliuliza jambo lililomleta.

"Na ile ya kujiendesha lenyewe?"

"Aa!" Ronny alishusha sauti kama anayetoa siri ya familia. "Hiyo unailipia sasa, pamoja na gari. Ikiwa tayari, inaingia yenyewe kwa mtandao. Unaamka asubuhi, gari limejifunza usiku! Mkeo anaingia, anakaa, linampeleka Lusail. Wewe umelala kitandani."

"Itakuwa tayari lini?"

"Bado kidogo tu. Ila ukingoja itoke, bei itapanda. Wenye akili wanalipa mapema."

Kwamboka aligeuka ghafla. Bado kidogo tu. Wanaolipa mapema ndio wa kwanza. Maneno yale aliyajua, kwa sababu yalikuwa yake. La kwanza alikuwa amelisema asubuhi ile ile kwenye ngazi za shule, kisha akainua kichwa.

Wakiwa njiani kurudi, katika gari lao kuukuu lililopuliza hewa ya moto, alijaribu kusema. "Baba, kwani umeliona likijiendesha?"

"Ronny ni mtu wetu. Hawezi kunidanganya."

"Na pesa hizo zitatoka wapi?"

Baba alikaza macho kwenye taa nyekundu mpaka ikawa kijani. "Za gari, kwenye mchango wa chama. Za kujiendesha, zile za kumleta Tony. Atangoja mwaka mmoja zaidi."

Tony, mdogo wake Kwamboka, alikuwa na miaka sita na aliishi Kisii kwa nyanya yao. Kila Ijumaa aliuliza kwenye simu ni lini atapanda ndege. Karatasi zake zilikuwa zimekamilika. Kilichobaki kilikuwa tiketi na gharama za kumpokea.

"Baba! Mwaka mzima?"

"Kwamboka, jana nilisinzia kwenye taa za barabarani!" Baba alisema kwa ukali, kisha sauti ikamlegea. "Mama yako alikuwa kando yangu. Walionifuata nyuma ndio walioniamsha kwa honi. Unataka nifanye nini?"

Kwamboka alitazama nje, mkoba ukiwa mapajani, na ndani ya mkoba saa ya Bradley ikawa nzito kama jiwe.

Ijumaa, siku ya mapumziko huko, baada ya kanisa, chama kilikutana nyumbani kwao. Kilikuwa chama cha kuchangiana pesa cha Wakenya kumi na wawili, wengi wao madereva, na mwezi huo ilikuwa zamu ya Baba kupokea mchango. Mwenyekiti alikuwa Mama Bradley, jina lake Mumbua, mlinzi katika jengo la maduka, mwanamke aliyeweza kunyamazisha ukumbi kwa kukohoa mara moja. Chama kilikuwa na desturi yake. Anayepokea husimama na kueleza atakachofanya, na kila aliyemo chumbani, awe mkubwa au mtoto, ana haki ya kuuliza swali moja. Bahasha haitoki mpaka maswali yote yajibiwe.

Chai ya karak, yenye maziwa na iliki, ilimiminwa. Mandazi yalizunguka. Ronny naye alikuja, na karatasi mkononi, kwani madereva wengine watano walikuwa wamesikia habari na kutaka kulipia kama Baba. Bradley na Gakii walikaa kwenye zulia pamoja na watoto wengine.

Baba alisimama, akaeleza. Ronny akaongeza utamu. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Maswali," Mama Bradley alisema. "Tuanze na wadogo, wasije wakalala."

Mkono wa Kwamboka ulipanda kabla hajajua kama ana ujasiri. "Bwana Ronny, wewe mwenyewe umewahi kuliona gari hili likienda kutoka hapa hadi Lusail, bila mtu kushika usukani?"

Ronny alicheka. "Binti yangu, mambo ya teknolojia hayo. Bado kidogo tu."

"Hilo si jibu," Kwamboka alisema.

"Kwamboka!" Baba alifoka. "Adabu!"

"Samahani, Baba. Lakini jibu hilo nalijua. Ndilo ninalowapa watu."

Alikwenda chini ya meza, akalitoa gari lake na kuliweka juu ya utepe mweusi mbele ya watu wote. Alibonyeza swichi. Krrr, krrr, krrr. Gari lilikwenda moja kwa moja juu ya mstari hadi kwenye kona. Hapo likaiacha kona, likakata zulia na kugonga kiatu cha Mama Bradley. Pu!

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kwamboka alingoja kicheko kiishe, kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni:

"Wiki tatu zilizopita niliwaambia wenzangu linakata kona. Halijawahi. Nilichukua vitu vyao, nikawaambia walipe mapema. Kila wakiniuliza, nawaambia bado kidogo tu. Sijui hata kama litawahi." Alifungua mkoba. "Bradley, saa yako hii. Gakii, kalamu zako, nyekundu nimeitumia kidogo. Biskuti za wengine nitazilipa. Nisameheni."

Hakuna aliyecheka tena. Bradley aliipokea saa bila kumtazama.

Mama Bradley alikohoa. "Swali langu ni hili. Bwana Ronny, karatasi yako inasema tarehe gani?"

Ronny alipekua ukurasa wa kwanza, wa pili. "Tarehe... haijaandikwa."

Kiptoo, dereva mrefu aliyekaa karibu na dirisha, aliweka kikombe chini. "Na isipokuja, pesa zinarudi?"

"Hazirudi," Ronny alisema. Tabasamu lilikuwa limemwisha. Alikunja karatasi zake polepole. "Wacha niseme kweli, mtoto huyu asinikasirikie. Sijawahi kuliona likijiendesha. Nami naambiwa tu, kila mwezi, bado kidogo."

"Asante kwa kusema," Mama Bradley alimjibu. "Baba Kwamboka, unasemaje?"

Baba aliinama akaliokota lile gari la kasha lililolala ubavu karibu na kiatu. "Ninasema upya," hatimaye alisema. "Nitanunua gari, kwa sababu gari nimeliona na nimelikalia. Kujiendesha sinunui. Tony anakuja." Kisha akaliweka gari la kasha mezani. "Ila usingizi bado unanishinda, jamani. Sikutaka kuwaambia."

"Hukutaka kutuambia!" Kiptoo aliruka juu. "Mimi kila alfajiri naupita mlango wa hospitali ile nikitoka kuwashusha wafanyakazi. Gari tupu! Shemeji hapo mlangoni, mimi napita nikipiga mluzi! Kuanzia kesho namleta mimi."

"Na jioni tatu za wiki nampeleka mimi," dereva mwingine alisema.

Mama, aliyekuwa jikoni, alitoka na birika mkononi, akawaongezea wote chai.

Jumamosi asubuhi mlango uligongwa. Ni Bradley na Gakii.

"Tumekuja kuona kondoo dume," Bradley alisema. Alivua saa yake akaiweka mezani. "Hii si malipo. Naazima tu, tupime muda. Jioni naondoka nayo."

Gakii alilala kifudifudi, shavu sakafuni, akalitazama gari likija. "Wee Kwamboka! Macho yake yako juu sana. Linatazama taa za dari, mstari halioni!"

Wakayashusha macho kwa vijiti vya aiskrimu. Sasa gari likakata kona, lakini upande usiofaa, likaingia chini ya kochi. Bradley akafuata nyaya kwa kidole mpaka akagundua kwamba za kushoto zimefungwa kulia. Wakazibadilisha. Wakajaribu mara ishirini na tatu, na kila liliposhindwa Kwamboka aliandika kwenye daftari kwa nini. Mara ya ishirini na nne lilizunguka meza nzima na kurudi lilipoanzia, na kelele walizopiga zilimleta jirani mlangoni.

Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya shule huko, ukumbi ulijaa. Kwamboka alilitia gari mstarini, akabonyeza swichi na kuinua mikono yote miwili juu ili kila mtu aione. Krrr, kona ya kwanza. Krrr, kona ya pili. Krrr, ile ya mwisho iliyokuwa kali kuliko zote, na gari likasimama mstarini kwake kama askari. Makofi yalilipuka! Ubavuni mwa gari majina matatu yalisomeka kwa kalamu za rangi: Gakii, Bradley, Kwamboka. Mwalimu aliwavika utepe wa nafasi ya kwanza, na Baba, aliyekuwa amelala usingizi kamili kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, alipiga mluzi kuliko watoto wote.

Jioni ile Baba alimketisha Kwamboka kando yake.

"Kuahidi si kosa, mwanangu. Bila ahadi hakuna ambaye angejaribu jambo jipya. Kosa ni kupokea malipo ya kitu ambacho hata wewe hujakiona kikifanya kazi, ukamwambia mtu kipo. Ukiwa unauza, maliza kwanza, uonyeshe. Ukiwa unanunua, sema nionyeshe, hata kama muuzaji ni ndugu yako. Na mimi nina la kwangu la kujifunza: nikichoka, niseme nimechoka. Ulisimama mbele ya watu ukajiaibisha ili sisi tusipotee. Nani mwingine ana binti kama huyu?"

Simu ilianza kulia. Uso wa Tony ulijaa skrini, pengo la meno mbele.

"Kwamboka! Nyanya anasema nakuja. Ni kweli?"

Kwamboka aliinua tiketi iliyochapishwa, akaisogeza karibu na kamera. "Soma jina."

"To-ny," alisoma mdogo wake, na nyuma yake nyanya akapiga kigelegele. "Na gari lako litanibeba kutoka uwanja wa ndege?"

Kwamboka alitaka kusema ndiyo, bado kidogo tu. Alicheka badala yake.

"Halitakubeba, Tony. Ni dogo kama kiatu, na linajua mstari mweusi tu. Lakini wiki ijayo, Jumamosi, mlango wa uwanja ukifunguka, mtu wa kwanza utakayemwona ni mimi, na gari nimelishika mkononi. Hilo nakuahidi."